Kadi moja ibebe kiasi gani?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nipo mwaka wa pili wa shahada ya umahiri, naandika tasnifu kuhusu biashara ya Kilwa kabla ya kuja Wareno. Niliambiwa kwamba anayetaka kutunza vizuri kumbukumbu za usomaji wake aandike wazo moja tu kwenye kila kadi, nami nikatii. Sasa nina kadi mia sita na ushei kwenye kompyuta, nyingi za sentensi moja moja. Nikizifungua siambulii kitu, na sura ya pili imekataa kuandikika. Je, nimekata mno? Na mtu anajuaje kwamba hapa sasa wazo limekuwa moja?

JIBU: Marahaba. Kwa kadi chache ulizoniambatishia, naona kuna mahali umekata mno na kuna mahali hukukata kabisa. Tatizo la pili ndilo linalokukwamisha zaidi, ingawa wewe umeuliza juu ya la kwanza.

Tuanze na huo ushauri wa wazo moja, kadi moja. Si ushauri mbaya, ila unatolewa kana kwamba mawazo yana kipimo kinachojulikana, kama kilo ya sukari. Hayana. Ukubwa wa kadi hutokana na kazi ambayo kadi itakuja kufanya, na waliopata sifa kwa mtindo huu walikata kwa vipimo visivyofanana hata kidogo.

James Murray na wenzake, waliotengeneza kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford kuanzia mwaka 1879, walipokea vijikaratasi kwa mamilioni kutoka kwa wasomaji wa kujitolea. Kila kijikaratasi kilikuwa na neno moja, sentensi moja iliyolitumia, jina la kitabu, ukurasa na mwaka. Sentensi ikiwa na maneno mawili ya kuvutia, iliandikwa mara mbili kwenye vijikaratasi viwili. Huko kipimo kilikuwa neno, kwa kuwa mwisho wa yote vijikaratasi vilipangwa kwa alfabeti, na neno lisiloweza kusimama peke yake lingepotelea kwa jirani yake.

Beatrice Webb, aliyefanya utafiti na mumewe Sidney juu ya vyama vya wafanyakazi na serikali za mitaa za Uingereza, alieleza mtindo wake katika kiambatisho cha kitabu alichokitoa mwaka 1926. Kila karatasi ibebe jambo moja, pamoja na tarehe yake, mahali pake na chanzo chake. Sababu aliyoitoa ndiyo ninayotaka uishike: karatasi hizo zilikuwa za kuchanganywa na kupangwa upya. Leo kwa tarehe, kesho kwa mji, keshokutwa kwa aina ya chama, mpaka mpangilio mmojawapo uonyeshe uhusiano ambao msomaji hakuutarajia. Kipimo chake kilikuwa tukio.

Halafu yupo Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1998 akaacha kadi zipatazo 90,000. Huyu ndiye anayetajwa na kila anayehubiri wazo moja, kadi moja. Kadi zake zimepigwa picha na zinasomeka mtandaoni, na mtu akizitazama zenyewe atakuta mambo ambayo mahubiri hayayasemi. Hoja inaanzia kadi moja, inaendelea ya pili, inafika ya tatu. Namba zake ndizo zilizomruhusu kufanya hivyo: baada ya 1 inakuja 2, lakini akipata neno la kuongeza juu ya 1, anachomeka 1a katikati, kisha 1a1, na kuendelea bila kikomo. Mara nyingi kadi yake ilikuwa hatua moja ya hoja, nayo ilieleweka kwa kuwa jirani zake walikuwa pale pale sandukuni. Alikuwa akijenga nadharia, hakuwa akikusanya matukio.

Wewe umechukua ukubwa wa kijikaratasi cha Murray, ukautia kwenye kazi inayofanana na ya Bi Webb, na ukaacha ujirani wa Luhmann. Ndiyo maana huambulii kitu.

Tuje kwenye kadi zako. Hii ndiyo namna ulivyomkata Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14: kadi ya kwanza, "Ibn Battuta alifika Kilwa." Ya pili, "Mwaka 1331." Ya tatu, "Sultani aliitwa al-Hasan bin Sulaiman." Ya nne, "Mji mzuri sana." Ya tano, "Nyumba za miti." Ya sita, "Sultani mkarimu." Ya saba, "Pembe za ndovu." Ya nane, "Dhahabu Sofala, mwendo wa nusu mwezi." (Sofala ni bandari ya kusini, katika Msumbiji ya leo.)

Jiulize juu ya kila moja: kuna siku nitaihitaji hii peke yake, bila wenzake? Kadi ya pili haina siku hiyo. Mwaka usio na tukio hauna pa kwenda. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zinaeleza jambo lile lile, yaani shahidi ni nani, alifika lini na alimkuta nani. Ziunganishe ziwe kadi ya chanzo, na humo ongeza jambo ambalo hukuliandika popote: Ibn Battuta hakuandika akiwa Kilwa. Aliyasimulia aliporudi Morocco, mwandishi Ibn Juzayy akayatia katika kitabu kilichokamilika karibu na mwaka 1355. Kwa hiyo kila neno analosema juu ya Kilwa ni kumbukumbu ya miaka zaidi ya ishirini. Habari hiyo inagusa kila dai linalotoka kwake, kwa hiyo haifai kuandikwa upya kwenye kila kadi, wala haifai kukosekana. Mahali pake ni kadi ya chanzo, na madai yote yaelekezwe huko.

Kadi ya nne na ya tano umezitenganisha, nami ningeziweka pamoja. Anasema Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, na papo hapo anasema mji wote ni wa miti. Uzuri bila miti ni sifa tu, ambayo msafiri yeyote huitoa. Viwili vikikaa pamoja unapata swali. Maana tunajua kwamba Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe, lilikutwa na maandishi yenye jina la sultani huyo huyo, na sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu ilikuwapo kabla mgeni huyu hajashuka chomboni. Basi kadi ya shahidi iseme kwa sentensi kamili: "Ibn Battuta anasema mji wote wa Kilwa ulikuwa wa miti." Kadi ya pili iseme: "Kilwa ya karne ya 14 ilikuwa na majengo makubwa ya mawe." Kisha iwepo ya tatu, yenye sauti yako, inayoziweka mbili hizo uso kwa uso na kuuliza: alikuwa akisema juu ya nyumba za watu wa kawaida? Kumbukumbu ilimchanganya? Kadi ya tatu ndiyo itakayoingia kwenye tasnifu. Mbili za kwanza ni mashahidi wake.

Umeona nilivyoandika vichwa vya kadi? Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi, na sijapata kilicho bora zaidi. Kichwa cha kadi kiwe sentensi ambayo mtu anaweza kuibishia. "Nyumba za miti" haibishiki, maana haijasema kitu. "Ibn Battuta anasema mji wote ulikuwa wa miti" inabishika: mtu anaweza kusema hapana, tazama maneno yenyewe, hakusema wote. Ukishindwa kuandika kichwa cha namna hiyo, kadi yako ni ndogo mno, bado haijawa wazo. Na ukiandika kichwa ambacho mtu anaweza kukubali nusu yake na kukataa nusu, kadi yako ni kubwa mno.

Kutoka hapo ni rahisi kuona pa kukata. Kichwa chenye "na" katikati mara nyingi kinaomba kisu. "Kilwa ilitawala biashara ya dhahabu ya Sofala na ilipiga sarafu zake yenyewe": hayo ni mawili, yana ushahidi tofauti, na siku moja utahitaji la sarafu bila la Sofala. Lakini kichwa chenye "kwa sababu" usikikate. Watu wengi wanakosea hapa, wanaona sentensi ndefu wanadhani ni mawazo mawili. Dai likitenganishwa na sababu yake linageuka uvumi, na sababu ikitenganishwa na dai lake inageuka takwimu iliyolala.

Mfano ni wa Kilwa hiyo hiyo. Neville Chittick, aliyechimba kisiwani kwa miaka kadhaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alisema ukoo wa Washirazi ulianza kutawala karibu na mwaka 1200, si karne ya 10 kama walivyodhani waliomtangulia, kwa sababu ya namna tabaka za udongo, vyungu vya kigeni na sarafu zilivyopangana. Kadi yako inasema tu, "Chittick: 1200." Sasa, mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za Kifatimi, yaani sarafu za dhahabu za watawala wa Misri wa wakati huo. Miongoni mwa zile za fedha zimo zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa ukoo huo wa Washirazi, na watafiti waliofuata wakazitumia kumrudisha mtawala huyo hadi karne ya 11. Je, kadi ya "Chittick: 1200" inakuambia kama imetikisika? Haikuambii. Kama ingebeba sababu yake, ungeona mara moja kwamba mguu mmoja wa hoja ulikuwa sarafu, na kwamba mguu huo sasa una mgogoro.

Hazina ya Mtambwe yenyewe ningeipa kadi yake pekee. Itahitajika kwenye hoja ya tarehe za watawala, na kwenye hoja ya fedha iliyotoka wapi, na pengine kwenye hoja ya uhusiano wa Pemba na Misri ya Wafatimi. Jambo linalobeba hoja zaidi ya moja liishi peke yake, kila hoja ije kuliazima. Jambo linalobeba hoja moja tu lihifadhiwe ndani ya hoja hiyo, halina haja ya nyumba.

Nirudi kwa kadi ya sita na ya saba, maana hapo umejidhulumu. Ibn Battuta anasimulia kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemsimamisha sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akabadili, akampa. Mwana wa sultani akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyomsifu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Msafiri anamalizia kwa kusema kwamba zawadi nyingi za huko ni pembe, na dhahabu hutolewa mara chache.

Wewe umebakiza "mkarimu" kwenye kadi moja na "pembe za ndovu" kwenye nyingine, kisa kizima ukakitupa! Kisa hakikatwi namna hiyo. Kiandike chote kwenye kadi moja, mistari sita au saba, kwa maneno yako. Mwingine anayesoma habari za utumwa atakitumia kwa jambo lake, anayesoma habari za heshima ya wafalme atakitumia kwa lake. Lakini tasnifu yako ni ya biashara, na kwa anayesoma biashara kuna sentensi moja inayotoka humo na kutembea yenyewe: zawadi ni pembe, dhahabu ni nadra. Ipe kadi yake. Ikae karibu na kadi ya nane, ile ya dhahabu ya Sofala, ambayo nayo irekebishwe iseme kwamba habari za Sofala Ibn Battuta aliambiwa na mfanyabiashara mmoja, hakufika kuziona. Sasa una mji unaosifika kwa kupitisha dhahabu, na sultani wake anagawa pembe. Kwa nini? Sikujibu mimi, hiyo ni sura yako ya pili inabisha hodi.

Kwa hiyo kisa kimoja kimezaa kadi mbili, moja nene na moja nyembamba, na zote ni sahihi. Ndiyo maana siwezi kukupa idadi ya maneno. Wapo wanaosema kadi isizidi maneno 200, wengine wanasema iishie pale kioo cha simu kinapoishia. Ni desturi zisizo na madhara ila hazijui unachokitafuta.

Sasa lile ambalo hukuliuliza. Una kadi moja ndefu iitwayo "Historia ya Kilwa (Tarikh)", na karibu kila mahali umeandika "Tarikh inasema." Ipi? Tarikh hiyo, yaani masimulizi ya kale ya watawala wa Kilwa, imetufikia kwa njia mbili. Moja ni ile aliyoitumia Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Nyingine ni nakala ya Kiarabu ambayo Sayyid Barghash wa Zanzibar alimpa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko, ikafika London. Hazikubaliani katika mambo mengi, pamoja na majina na mfuatano wa watawala. Ile ya Kiarabu ndiyo inayotaja majahazi saba ya Washirazi waliohamia pwani, kila moja likatia nanga mahali pake, moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, jingine Anjouan. Ukichanganya njia hizo mbili kwenye kadi moja, umeumba kitabu cha tatu ambacho hakipo. Msimamizi wako akikuuliza ukurasa, utahangaika usiku kucha.

Hapa kata bila huruma. Vyanzo viwili, kadi mbili za chanzo. Na kila dai litakalotoka humo liseme limetoka upande gani, hata pale pande zote mbili zinapokubaliana, maana kukubaliana kwenyewe ni habari. Mchanganyiko wa vyanzo ni mbaya kuliko mchanganyiko wa mawazo. Mawazo yaliyochanganyika unaweza kuyachambua baadaye kwa kusoma kadi tena, lakini vyanzo vikichanganyika itabidi urudi maktaba.

Kuhusu wakati wa kukata: usikate unaposoma mara ya kwanza. Nadhani ndicho kilichokuletea kadi mia sita. Unaposoma kitabu bado hujui kipi kitakuwa na kazi, kwa hiyo unakata kila kitu sawasawa, kama mpishi anayekata nyama ya mishikaki kabla hajajua moto una nguvu gani. Vidogo vinadondokea makaani, vikubwa vinaiva nje tu. Ukisoma, andika karatasi moja ya kitabu kizima, chafu, yenye namba za kurasa pembeni. Iache siku chache. Kisha irudie ukiwa na swali la sura mkononi, na hapo toa kadi zile tu ambazo swali linaziita. Kitabu cha kurasa 300 kinaweza kukupa kadi tano. Kingine cha kurasa 40 kikakupa ishirini. Kadi nyingine zitajikata zenyewe baadaye: siku unapotaka kuelekeza kwenye nusu ya kadi badala ya kadi nzima, hiyo ndiyo siku ya kuigawa, si kabla.

Programu unayotumia inarahisisha kukata kuliko kuunga, basi uwe mwangalifu nayo. Kuunda faili jipya ni kubonyeza mara moja, na mtu anajisikia amefanya kazi. Viungo kati ya kadi navyo vina mtego. Nimeona kadi zako zina viungo kumi kumi bila maelezo, "tazama pia" chungu nzima. Kiungo kisicho na sababu hakikumbuki kwa nini kilifungwa. Andika neno baada ya kila kimoja: "inapingana na", "ni ushahidi wa", "tarehe hii imepingwa na". Hapo ndipo unarudisha ule ujirani ambao sanduku la Luhmann lilikuwa nao kwa mpangilio tu. Lebo nazo zipunguze. Lebo ya "Kilwa" kwenye tasnifu ya Kilwa inakusaidia nini?

Zile kadi mia sita usiketi kuzirekebisha zote, utamaliza muhula ukiwa karani wa kadi zako. Chukua swali la sura ya pili, liandike juu ya karatasi tupu. Tafuta kadi zinazoligusa, sidhani kama zitazidi hamsini. Hizo ndizo uzitengeneze: ndogo ziunganishwe mpaka kila moja ipate kichwa kinachobishika, nene zigawanywe pale "na" ilipo, vyanzo vitenganishwe. Zipange mezani au kwenye kioo kwa mfuatano, ujaribu kuusimulia kwa mdomo, ikiwezekana kwa mtu asiyejua lolote kuhusu Kilwa. Pale utakaporuka kutoka kadi moja kwenda nyingine na msikilizaji wako akauliza "imekuwaje tena?", pana kadi haijaandikwa. Iandike palepale.

Nyingine ziache zilivyo hadi sura zake zifike. Na ile inayosema "Mwaka 1331" ifute leo hii, kabla hujafunga kompyuta.